"Ya" Iliyokatwa kwa Wino Mwekundu

Mambo yalianza Jumanne, tarehe 13 Mei, saa nne na dakika ishirini asubuhi, katika chumba cha walimu cha shule moja ya sekondari milimani Upare. Saa hiyo ndipo Mwalimu Hidaya alipokata neno moja kwenye daftari la mwanafunzi wake. Neno lenyewe lilikuwa na herufi mbili tu.

Hidaya alikuwa na miaka ishirini na sita. Alizaliwa Pangani, akasomea kemia chuo kikuu, akapangiwa kufundisha milimani. Alikuwa mtu wa wasiwasi. Kitu alichokwisha kukipima kwenye mizani alikitoa, akakirudisha, akakipima upya. Na Kiswahili kibovu kilimwasha kama upupu.

Mwezi ule alikuwa na jambo jema mikononi. Karibu na shule aliishi Bibi Nakijwa, mwanamke wa miaka sabini na tisa, ambaye watu walimwendea wakiwa na vidonda vilivyokataa kufunga. Watoto wake hawakutaka kujifunza dawa zake. Vijana wa kijiji walikuwa wameanza kusema ni ubabaishaji wa wazee. Hidaya alimwomba awaruhusu wanafunzi wa kidato cha tatu waipime dawa yake ya vidonda kwa kemia, na matokeo yasomwe mbele ya wazazi siku ya Ijumaa.

Bibi alikubali, lakini kwa sharti.

"Mkiona ina kitu, nitamfundisha mmoja wa hawa wasichana wenu yote ninayoyajua. Mkiona haina kitu, niambieni. Sitaki niende kaburini huku nikidanganya watu."

"Tutasema ukweli, Bibi."

"Hata kama utaniuma?"

"Hata kama utakuuma."

Basi akatumwa Namsifu, msichana mwenye mwandiko mzuri kuliko wote darasani, akakae na Bibi na kuandika. Kwa kuwa wazazi wangesomewa, Hidaya aliruhusu maelezo hayo yaandikwe kwa Kiswahili. Namsifu aliandika hivi:

"Dawa ya vidonda ya Bibi Nakijwa inaitwa dawa ya chungu. Ni nyekundu. Bibi hatumii chombo cha chuma sababu inageuka nyeusi kama wino."

Hidaya alishika kalamu nyekundu. Kwenye "dawa ya chungu" akaikata ile "ya". Kabla ya "sababu" akaongeza "kwa". Pembeni akaandika: "Chunga sarufi. 7/10." Kisha akachukua daftari lililofuata.

Mwalimu Kallaghe, aliyefundisha Kiswahili, alikuwa meza ya pili akinywa chai.

"Mwenzangu, kazi hiyo nalipwa mimi," alimtania.

"Mnawaachia mno watoto wa huku. 'Dawa ya chungu'! Kesho wataandika 'chai ya tamu'."

"Tuhurumie, mtu wa pwani. Sisi Kiswahili tumekikuta kimeshapoa."

Wote wawili wakacheka. Kallaghe hakuliona lile daftari, na kengele ikalia.

Jumatano jioni Hidaya alikwenda mwenyewe kuchukua dawa. Hakutaka kumtuma mtu, kwa sababu aliogopa sampuli ingechafuliwa njiani. Bibi hakuwapo, alikuwa amekwenda msibani ng'ambo ya pili ya bonde. Hidaya alimkuta mkwe wa Bibi anachambua maharage.

"Nimefuata dawa ya Bibi," Hidaya alisema. "Dawa chungu."

"Ile chungu kabisa?"

"Ndiyo, chungu."

"Ipo. Hata mimi nainywa. Ngoja nikugawie."

Akamletea fungu la mizizi mikavu. Hidaya aliifunga kwenye karatasi safi, na aliporudi maabara akaandika juu yake: "Mizizi, gramu 84. Jumatano 14 Mei, saa kumi na moja na dakika tano jioni. Imehifadhiwa mbali na jua." Kila tarakimu ilikuwa sahihi. Hakujiuliza kwa nini mtu anywe dawa ambayo watu wote huoshea vidonda.

Ijumaa wazazi walijaa kwenye mabenchi ya maabara. Bibi Nakijwa aliketi mstari wa nyuma, karibu na dirisha, amevaa kitenge alichokuwa akikivaa kanisani. Hidaya alieleza vizuri, tena kwa lugha nyepesi. Alisema kwamba katika mimea mingi mna kitu kinaitwa tanini, ndicho hicho kinachokaza ulimi mtu akiuma ndizi mbichi. Kama kinakaza ulimi, kinaweza kukaza na nyama ya kidonda. Kukijua ni rahisi: unadondosha humo maji ya njano yenye madini ya chuma. Tanini ikikutana na chuma, hugeuka nyeusi.

Mizizi ilikuwa imekwisha kutwangwa, ikachemshwa na kuchujwa. Kwenye bomba la kioo kulikuwa na maji ya rangi ya manjano. Hidaya akadondosha matone matatu.

Manjano ilibaki manjano.

Akarudia kwenye bomba la pili. Akarudia kwenye la tatu, maana hakuwa mtu wa kuonea. Hakukuwa na weusi hata kidogo.

Namsifu alinyoosha mkono, na kabla hajaitwa akasimama.

"Mwalimu, samahani. Dawa ya chungu ni nyekundu, siyo..."

"Dawa chungu, Namsifu. Tumeshalisema hili. Hakuna 'ya' hapo."

"Ndiyo, Mwalimu. Lakini dawa ya chu..."

"Chai ya tamu!" mwanafunzi mmoja alidakia kutoka kona, akirudia mfano ambao Hidaya alikuwa ameutoa darasani, na darasa zima likaangua kicheko. Hata baadhi ya wazazi walicheka. Namsifu akaketi, uso ukiwa umeiva kwa aibu.

Hidaya naye alitabasamu kidogo. Alikuwa amelisikia kosa. Neno "nyekundu" halikuwa kosa, na kwa hiyo hakulisikia.

Akawageukia wazazi akasema kwamba kwa kipimo kile, dawa ya vidonda ya Bibi Nakijwa haikuonekana kuwa na tanini. Alichagua maneno kwa uangalifu. Alisema "kwa kipimo hiki", alisema "haikuonekana". Lakini mtu anayesikiliza matokeo yake mwenyewe hasikii maneno madogo kama hayo.

Bibi alisimama akishika ukingo wa benchi.

"Umepima mara ngapi, mwanangu?"

"Mara tatu, Bibi."

"Na zote zimesema hivyohivyo?"

"Zote tatu."

"Kumbe miaka hamsini nimewaosha watu kwa maji ya moto tu."

Mzee mmoja alidhani ni utani, akacheka. Bibi hakucheka. Alimshukuru Hidaya kwa kumwambia ukweli kama alivyoahidi, akajifunga vizuri kitenge chake, akatoka.

Jumapili, saa kumi na moja jioni, Hidaya aliketi kuandika ripoti ya shule. Alitaka kunukuu maelezo ya Namsifu, akafungua daftari lake na kuanza kunakili. Alifika kwenye maneno "inageuka nyeusi kama wino", mkono ukasimama.

Hatumii chombo cha chuma kwa sababu inageuka nyeusi.

Chuma. Nyeusi. Hicho ndicho kipimo alichokifanya yeye siku ya Ijumaa, kwa mabomba ya kioo na koti jeupe. Bibi alikuwa akikiona jikoni kwake miaka yote, na jibu lake lilikuwa limeandikwa kwenye ukurasa huu tangu Jumanne. Yeye alikuwa amelipitia, akaongeza "kwa", akaendelea.

Basi ile mizizi ilikuwa nini?

Macho yalipanda mstari mmoja juu, hadi kwenye mkato mwekundu. Dawa chungu. Akalisoma bila ule mkato: dawa ya chungu. Chungu cha udongo, cha kupikia. Namsifu hakuwa ameandika habari ya uchungu wa ladha hata kidogo. Aliandika dawa inayopikwa chunguni, kama mtu anavyosema chai ya birika.

Hidaya hakufunika hata kalamu.

Alipanda kilima cha kwenda kwa Bibi karibu kwa kukimbia, akipanga maneno njiani. Angeomba msamaha. Angechukua dawa yenyewe, aipime kesho mbele ya shule nzima, na wazazi waitwe tena. Bado hakujachelewa, alijiambia. Siku mbili tu zimepita.

Bibi Nakijwa alikuwa ameketi kibarazani. Nyuma ya nyumba kulikuwa na mwanga usiokuwapo Jumatano.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, Mwalimu. Karibu. Mbona unahema hivyo?"

"Bibi, nilikosea. Nilipima dawa nyingine. Nilipewa ile chungu."

"Chungu ipi? Ya tumbo?"

"Nadhani ni hiyo. Mizizi ya manjano."

"Hiyo ni ya tumbo. Anainywa huyu mkwe wangu." Bibi akatikisa kichwa. "Kwa hiyo umechukua dawa ya tumbo, ukaiuliza habari za kidonda."

"Ndiyo, Bibi."

"Ikakujibu haijui."

"Ndiyo."

"Haikusema uongo, maskini."

Hidaya alitaka kucheka na kulia kwa pamoja. Aliuliza ile yenyewe iko wapi, ile ya chungu.

Bibi aliinuka polepole, akamwongoza hadi nyuma ya nyumba. Pale palikuwa na visiki viwili, vibichi, vyekundu kama nyama. Magogo yalikuwa yamepangwa kando, na magome yake yalikuwa yamechomwa na kubaki jivu.

"Jana asubuhi," Bibi alisema. "Nilimwambia mwanangu aikate yote miwili."

"Lakini kwa nini uikate, Bibi?"

"Watu wangeendelea kuja. Mtu akija na mtoto mwenye kidonda, na mti umesimama hapo, mimi nitamkatalia vipi? Ningebandua tu gome, nipike. Na wewe ulikuwa umeshaniambia haina kitu. Ulipima mara tatu."

Hidaya alikuwa amejiandaa kwa hasira ya Bibi. Alikuwa amejiandaa kwa matusi, hata kufukuzwa. Hakuwa amejiandaa kukuta kwamba ameaminiwa.

Panga lilikuwa limeegemezwa ukutani. Pale mti mbichi ulipogusa chuma, kuanzia ncha hadi karibu na mpini, panga lilikuwa jeusi, weusi wenye ubuluu, kama limechovywa kwenye wino. Mtu yeyote angedhani ni uchafu. Hidaya alijua anatazama nini. Hakuhitaji matone matatu, wala kurudia.

"Iko mingine wapi?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Hii aliipanda mama mkwe wangu. Mbegu alitoka nazo kwao, msitu wa ng'ambo. Msitu wenyewe sasa ni mashamba."

"Visiki vinaweza kuchipua."

"Mti huu haurudi ukikatwa. Mama mkwe alituonya mapema tulipokuwa tunatafuta kuni."

Hidaya akapiga magoti palepale. Alisema yeye ndiye mwenye makosa yote, alisema dawa ilikuwa kweli, alisema ushahidi uko kwenye panga. Alimwomba amfundishe Namsifu kama walivyoahidiana.

Bibi alimsikiliza mpaka akamaliza, bila kumkatisha.

"Ijumaa uliniambia haina kitu, nikakuamini," alisema. "Leo unaniambia ina kitu, na leo pia nakuamini. Lakini huyo binti nimfundishe kwa kutumia nini, mwanangu? Jivu?"

Kisha akamwinua kwa mkono, akamfuta vumbi magotini, akamwambia jua linazama, ateremke kabla njia haijawa na utelezi wa umande.

Kesho yake, Jumatatu, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Hidaya alianza kupiga hodi nyumba moja baada ya nyingine kwenye kilima kile. Kila mlango alisema maneno yaleyale: kwamba Ijumaa alipima dawa isiyokuwa yenyewe, kwamba mwanafunzi wake alijaribu kumwambia naye akamnyamazisha, kwamba dawa ya Bibi Nakijwa ilikuwa na kile kitu walichokuwa wakikitafuta. Watu walimpokea vizuri. Wengine walimpa kiti, wengine uji.

Kwenye nyumba ya tano alifungua mama kijana aliyebeba mtoto. Mtoto alikuwa amefungwa kitambaa mguuni, na kitambaa kilikuwa kimelowa. Yule mama alisikiliza hadi mwisho, uso ukafunguka kwa matumaini.

"Ahsante sana, Mwalimu, kwa kuja kutuambia," alisema. "Sasa hiyo dawa tunaipata wapi?"

Hidaya alimwelekeza njia ya zahanati, umbali wa kilomita saba, akambebea mtoto mpaka barabarani. Kisha akarudi kilimani, akapiga hodi nyumba ya sita.

Funzo: Anayesoma ili asahihishe tu huyaona makosa ya mwenzake, na habari aliyoletewa humpita. Mwache mtu amalize kusema ndipo umrekebishe, kwa maana sarufi inaweza kungoja hadi kesho, lakini anayekuamini hangoji. Ukiwa na rafiki mwenye kalamu nyekundu mkononi, mpelekee hii.