Mgeni wa Shuka la Bluu

Ndugu zangu, humu ndani kuna vijana niliokwisha kuwakemea kwa kuinamia simu ibada ikiendelea. Leo nitawashangaza. Mfano wangu wa leo nimeutoa ndani ya gemu ya simu. Vijana msicheke, na ninyi wazee msininunie. Nisikilizeni kwanza.

Palikuwa na fundi simu mmoja, tumwite Ambakisye, mwenye kibanda karibu na stendi ya mji wa huko juu penye baridi, mahali ambapo mvua haiulizi huu ni mwezi gani. Mikono yake ilikuwa myepesi ajabu. Simu iliyotumbukia chooni aliifufua, ikaita. Lakini ulimi wake ulikuwa mzito. Alikuwa na kigugumizi tangu utotoni.

Na mwenye kigugumizi ana adha moja ambayo sisi wengine hatuijui. Hamalizi sentensi zake, anamaliziwa. Ambakisye akisema, "Naomba ma-ma-ma," huyu anamletea maji, yule anamletea maharage, kumbe mwenyewe alitaka mafuta ya taa. Mara nyingi aliyanywa hayo maji na kushukuru, kwa sababu kuanza upya kulimchosha kuliko kiu.

Aliyemmalizia kuliko wote alikuwa dada yake, Tumpe, mama lishe aliyepika jirani na kibanda. Na hakufanya hivyo kwa ubaya. Alimpenda mdogo wake, hakuvumilia kumwona akihangaika na herufi moja mbele za watu. Kwa hiyo alimkimbilia na neno kama unavyomkimbilia mtoto anayetaka kuanguka. Miaka thelathini alikuwa akimkimbilia.

Basi mama yao akafariki. Siku ya mazishi, Ambakisye akiwa ndiye mtoto wa kiume pekee, alipewa kipaza sauti atoe shukrani za familia. Wiki nzima alikuwa amejiandaa. Akasimama mbele ya kaburi la mama yake, akasema, "Ma-ma-ma-ma..." Watu wakatazama chini. Mawingu yalikuwa yamejaa. Baba yake mdogo akamsogelea, akamshika bega kwa upole, akakitwaa kipaza sauti na kusema, "Anachotaka kusema kijana wetu ni kwamba familia inawashukuru wote. Tuendelee na ratiba, mvua inakuja."

Je, hicho ndicho alichotaka kusema? Hakuna aliyeuliza.

Kuanzia siku ile Ambakisye akafunga mdomo. Pale kibandani alibandika boksi lililokunjuliwa: ANDIKA HAPA TATIZO LA SIMU YAKO. Chini yake akaweka daftari na kalamu iliyofungwa uzi. Wateja waliandika, naye akawajibu kwa kuandika. Tumpe alileta chakula mchana, akasema maneno ya wote wawili, akaondoka na sahani. Ikapita nusu mwaka.

Siku moja alibadilisha kioo cha simu ya mteja, na kwa kutaka kujua kama kioo kipya kinashika vizuri, akafungua gemu aliyoikuta humo. Sasa niwaeleze hiyo gemu, maana nami nilieleweshwa. Kuna kinamasi kikubwa, tope kila upande. Mko wawili. Wewe una ubao mmoja, na mwenzako ana ubao mmoja. Ukijaribu peke yako unazama. Mnavuka hivi: unatandika ubao wako, mnasimama juu yake wote wawili. Mwenzako anatandika wake mbele, mnahamia huko. Unavuta wako wa nyuma, unauweka mbele. Hivyo hivyo mpaka ng'ambo.

Na huyo mwenzako ni mtu halisi, aliyeshika simu yake mahali fulani duniani. Hujui wapi. Gemu haikupi jina lake wala picha yake. Huwezi kumwandikia, huwezi kumwambia kitu. Unaona rangi ya shuka alilojifunga tu. Na kuna jambo moja unaloweza kufanya: kupiga makofi. Basi.

Mwenzake wa kwanza aliukwapua ubao na kukimbia, akamwacha Ambakisye kwenye tope. Msishangae, wapo. Kilichomshangaza Ambakisye ni kwamba hakukasirika. Alijikuta anataka kujua wa pili atakuwaje. Akaipakua gemu kwenye simu yake mwenyewe.

Wa pili alikuja amejifunga shuka la bluu. Ambakisye alikuwa bado mgeni, akaweka ubao vibaya, akauvuta kabla ya wakati, wote wawili wakazama. Wakaanza upya. Wakazama tena. Mara ya nne alitegemea yule mtu ameshaondoka. Kumbe yupo pale ukingoni, amesimama. Akapiga kofi moja.

Kofi moja lina maana gani? Ambakisye alikaa na swali hilo. Je, ni "haraka"? Ni "mjinga wewe"? Akajibu kofi moja, aone kitakachotokea. Shuka la bluu akatandika ubao wake na kungoja.

Walipofika ng'ambo, gemu ikawauliza kama wangependa kukutana tena kesho. Wote wawili wakakubali.

Ikawa desturi. Kila siku saa saba mchana, shuka la bluu yupo. Na bila mtu kumfundisha mtu, wakapata lugha. Kofi moja: nipo. Makofi mawili: ngoja kidogo. Makofi mengi ya haraka haraka: hapo wameteleza wote, wanacheka. Ambakisye alijua kwamba yule anacheka. Alijuaje? Ndugu zangu, alijua tu, kama wewe unavyojua mkeo amefurahi kwa namna anavyofunika sufuria.

Akaanza kumpeleleza. Ni mwanamume au mwanamke? Ni mwanafunzi? Ni askari yuko zamu? Wakati mwingine, katikati ya tope, shuka la bluu alipiga makofi mawili na kusimama tuli dakika tano, dakika kumi, kama mtu aliyeitwa mlangoni. Ambakisye aliulinda ubao. Chakula kilimpoa. Halafu kofi moja: nipo.

Tumpe akamkuta siku moja anacheka peke yake. "Unacheka na nani?"

Ambakisye akaandika kwenye daftari: Rafiki.

"Rafiki gani huyo? Anaitwa nani?"

Akatikisa kichwa.

"Wa wapi? Dini gani? Hujui! Sasa mdogo wangu, mtu humjui jina wala kabila, urafiki umetoka wapi?"

Ambakisye akafikiri sana, kisha akaandika neno moja: Ananingoja.

Tumpe akalisoma, asielewe, akachukua sahani yake.

Basi siku zikaenda, waliotengeneza gemu wakaongeza kitu kipya. Sasa wachezaji wanaweza kuongea. Unabonyeza, sauti yako inafika. Mnadhani ilileta amani? Siku ile ile watu wakaanza kutukanana. Wewe wa nchi gani, mbona mwanamke unacheza, umezama kwa ujinga wako. Watu waliovuka pamoja miezi miwili wakaachana kwenye tope kwa sababu ya lafudhi.

Ambakisye akaogopa. Ilipofika saa saba, aliishika simu bila kuifungua. Aliwaza, akinisikia, naye atanimalizia. Au atacheka. Lakini akawaza tena kwamba mwenzake amesimama ukingoni peke yake na ubao mmoja. Akafungua.

Shuka la bluu alikuwepo. Kofi moja.

Kisha ikaja sauti. Ilikuwa sauti ya bibi kizee, nzito kidogo, akiongea lugha ambayo Ambakisye hakuijua hata silabi. Akaongea kwa kituo, akacheka katikati, nyuma yake jogoo akawika. Kisha akanyamaza. Zamu ya Ambakisye.

"Na-na-na..." Akangoja kukatizwa, kama kawaida. Hakukatizwa. "Na-na-naitwa A-Ambakisye."

"Mm," akasema bibi.

Ule mm ukamfungulia mlango. Akaendelea. Akasema mama yake amefariki. Akasema siku ya mazishi alikuwa na neno, likakwama. Akakwama tena pale pale, "Ma-ma-ma-ma," na Tumpe, aliyekuwa ndiyo kwanza anafika mlangoni na sahani ya wali, akafungua mdomo amsaidie. Halafu akaona mdogo wake hahangaiki. Akaufunga.

"Ma-ma-mama yangu," akasema Ambakisye, "ha-hakuwahi kuniandikia ka-karatasi ya dukani. Ma-majirani walimwambia, mwandikie, mtoto anapata shida. Akakataa. Alinituma kwa mdomo. Akaenda kwa mwenye duka, a-akamwambia, mwanangu akija, mngoje. Ni-ni-nilitaka kumshukuru kwa hilo."

Ilimchukua muda mrefu, ndugu zangu, mrefu kuliko ninavyosimulia mimi. Yule bibi hakumkatiza hata mara moja. Alipomaliza, likaja kofi moja.

Tumpe alikuwa analia. Miaka yote alidhani anayajua maneno ya mdogo wake, na hili hakuwahi kulisikia. Akauliza, "Huyo rafiki yako, amekuelewa?"

Ambakisye akamtazama, akatabasamu. "Ha-hata ne-ne-ne..."

Neno lilikuwa tayari kwenye ulimi wa Tumpe. Mnalijua, hata ninyi mnalijua, nimewaona midomo ikitikisika! Tumpe akaushika mlango kwa mkono mmoja na sahani kwa mkono wa pili, akangoja.

"Ne-neno moja."

Sasa ndugu zangu, niambieni. Nani alimsikiliza Ambakisye? Ni sisi tunaoijua lugha yake, tuliozaliwa naye, tuliozika naye? Au ni bibi asiyejua hata mwenzake anasema nini? Yule bibi hakuweza kummalizia, maana hakujua sentensi inaelekea wapi. Sisi tunadhani tunajua. Mke akianza kusema, mume ameshajibu. Kijana akisema "Baba, mimi nimeamua," baba ameshakasirika kabla hajajua kijana ameamua nini. Tunakatizana kwa hasira, tunakatizana kwa upendo pia, na hao wa upendo ndio wengi, maana hakuna anayewakemea. Tunaulizana kabila, tunaulizana usharika, tunapeana mikono pale mlangoni, na mtu anarudi nyumbani na neno lake limekwama kooni mwaka mzima.

Na mwangalie Mungu. Anajua mwisho wa sala yako kabla hujafungua mdomo. Ingekuwa mimi, ningekwambia, "Nimeshaelewa, nenda." Yeye anayejua yote anakuacha uongee, ulie, urudie, ukosee, mpaka useme amina mwenyewe.

Basi tukitoka hapa, kuna mtu atakushika mkono na kuanza kukueleza jambo. Pengine polepole. Pengine unadhani umeshalisikia. Usimsaidie. Mwache amalize.