Ubao wa Maneno Magumu

Mpango wa Kuinua Msamiati wa Juu wa Kiingereza kwa Wananchi Watumiao Vivuko, Awamu ya Pili. Hilo lilikuwa jina rasmi la ubao mmoja mweusi uliopigiliwa kwenye nguzo, mwanzoni mwa daraja la mbao, katika mji mdogo wa milimani. Awamu ya Kwanza hakuna aliyeiona, ila taarifa ilisema ilifanikiwa.

Kila Jumatatu Mwalimu Ngailo aliandika hapo neno moja gumu la Kiingereza, chini yake maana, na chini ya maana sentensi ya mfano. Aliyeyakariri yote bila kukosea alipigiwa makofi, na jina lake likapelekwa wilayani, ambako liliwekwa mahali.

Hakuna aliyemfikia Tulinagwe, mjane aliyevuka kila asubuhi kwenda kuuza maziwa ng'ambo. Hoteli ya huko ilikuwa inatafuta mpokea wageni anayejua Kiingereza, na yeye shingo ilikuwa imechoka kubeba ndoo. Mwalimu alimpenda kama mtu anavyopenda ushahidi kwamba hakupoteza maisha yake bure.

Shida ya maneno makubwa ni kwamba mifano yake hupenda maafa. Wiki moja ubao ulisema ghala linateketea. Wiki nyingine, tauni imeingia mjini. Fundi cherehani mmoja, mgeni, aliwahi kukimbilia ghalani na maji. Alichekwa mpaka akahama.

Masika yakaja. Mto ukazila nguzo za daraja. Mkaguzi akapita, akatikisa kichwa, akasema lisikanyagwe tena. Mwalimu akaenda kwa Bwana Sanga, ofisa wa mpango, kuomba katazo liandikwe kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa.

Bwana Sanga alimsikiliza kwa upole wote. Akamweleza kwamba ubao ni mali ya mpango, na mwongozo hauruhusu lugha nyingine juu yake. Kamba ya kufungia njia nayo ilikuwa ya idara nyingine, na idara hiyo ilikuwa kwenye semina.

"Kwani hawajui Kiingereza, Mwalimu?" akauliza. "Si wewe uliyeandika kwenye taarifa kwamba wanajua?"

Ni kweli, aliandika.

Basi alfajiri akaandika kwa Kiingereza kwamba daraja hili limedhoofika mno, litaporomoka wakati wowote, na mtu asithubutu kulivuka. Akabaki pale pale, aone kama watu watasoma.

Wa kwanza kufika alikuwa Tulinagwe. Akasoma kimya, midomo ikicheza. Akataja maana ya kila neno gumu. Kisha akaupa ubao kisogo, akaitoa sentensi nzima kwa kichwa, matamshi yakiwa safi kuliko ya mwalimu mwenyewe.

"Nimepata, Mwalimu?"

"Umepata, mama. Yote."

Mwalimu akaona fahari, tena akashusha pumzi. Ameelewa, akajisemea, sasa atarudi nyumbani. Akainama kunawa chaki kwenye dimbwi. Alipoinua kichwa, ndoo ya maziwa ilikuwa inakaribia katikati ya daraja.

"Rudi, mama! Daraja litavunjika!"

Tulinagwe akasimama. Akageuka taratibu, mkono mmoja ukiishika ndoo, akatabasamu kama mtu aliyemfuma mwalimu wake na kosa.

"Tafsiri yako haijakamilika," akamjibu. "Mwishoni kuna 'na mtu asithubutu kulivuka.'"

Taarifa iliyokwenda wilayani ilisema kwamba tahadhari ilitolewa mapema, kwa lugha fasaha, na ilieleweka kikamilifu.

Daraja lilivunjika, na Tulinagwe akafa maji.

Funzo: Ukiwazoesha watu kukariri hatari ili wapigiwe makofi, siku hatari yenyewe ikifika wataikariri pia.