Ukoko wa Makaribisho

Hapo zamani, wala si zamani sana, maana simu za mkononi zilikuwepo, palikuwa na chama cha hiari kilichotunza bustani za mji. Kila masika chama kilichukua vibarua wa msimu, na kila masika kiliwakaribisha kwa pilau. Desturi ilikuwa hivi: kibarua mpya aliyefanya jambo la maana siku hiyo hupewa ukoko, na mla ukoko ndiye huchagua bustani ya kufanyia kazi.

Mwaka huo waliingia Pendaeli, Sikudhani na Chausiku. Nafasi moja ilikuwa katika Bustani ya Chemchemi, palepale walipokaribishwa, penye kivuli na bomba. Zilizobaki zilikuwa kule stendi, penye jua, takataka na walevi. Nani asiyetaka kivuli? Lakini Chausiku alikitaka kuliko wote, kwa kuwa ng'ambo ya barabara aliishi dada yake, na kwa dada huyo ndiko alikomwacha mtoto wake mchanga. Akipelekwa stendi, mtoto ataachishwa ziwa. Hakumwambia mtu. Aliogopa wangemwambia akalee kwanza.

Basi mkurugenzi, Bwana Rukonge, akaanza hotuba. Ilikuwa ileile ya kila mwaka, ila kila mwaka ilinenepa. Na ilikuwa mwiko mtu kutikisika kabla mkurugenzi hajasema "karibuni". Watu wakasimama wima, miche mikononi, harufu ya pilau ikiwatesa.

Chausiku akashindwa. Mama anayenyonyesha, tena mwenye njaa, jamani, mwoneeni huruma! Akanyata kinyumenyume mpaka nyuma ya mti uliokuwa karibu na sufuria.

Mara Pendaeli akapaza sauti katikati ya hotuba: "Mkurugenzi, samahani, mbuzi!"

Kweli, mbuzi. Kaingia getini, anatafuna miche iliyopangwa chini kama aliyealikwa. Mbio! Bwana Rukonge mbio, Bi. Mwatumu mpishi mbio, upawa mkononi. Sikudhani akawapita wote, akaruka, akamdaka mbuzi mguu, wakaanguka pamoja katikati ya maua ya mkurugenzi.

Huku nyuma pilau likaanza kuungua. Chausiku akatoka mafichoni, akavuta kuni, akaondoa makaa juu ya mfuniko, akaliokoa. Waliporudi walimkuta hapo hapo, punje ya wali shavuni.

Bi. Mwatumu akapakua, kisha akakwangua ukoko. Ulitoka mzima, wa kahawia, na kila mtu akameza mate.

"Huo wangu," akasema Pendaeli. "Bila jicho langu mngekuwa bado mnasikiliza hotuba, na miche imekwisha."

"Na geti nani aliliacha wazi?" akauliza Bi. Mwatumu. "Si wewe uliyechelewa kufika?"

Pendaeli akaenda kulifunga, akarudi.

"Kuona si kukamata," akasema Sikudhani. "Mimi ndiye niliyemkamata."

"Na maua yangu nani kayalalia?" akauliza Bwana Rukonge.

"Mbuzi, mkurugenzi. Mimi nilikuwa juu ya mbuzi."

Chausiku naye akasogea. "Na huo ukoko mnaougombania nani kauokoa? Bila mimi mngekula mkaa."

"Bila njaa yako, sema," akajibu Bi. Mwatumu. "Wenzako wamesimama, wewe kwenye sufuria yangu ulifuata nini, mwanangu?"

Hapo Chausiku alikuwa na jibu, tena jibu la kumaliza kesi. Ng'ambo ya barabara mtoto alikuwa analia, na maziwa yalishaanza kulowesha blauzi yake. Akainua sahani akajifunika nayo kifua, akanyamaza. Alitaka apewe kwa alilofanya, asipewe kwa kuhurumiwa.

Bi. Mwatumu hakujua. Nyinyi mnajua, maana nimewaambia. Sasa yeye kasimama, ukoko juu ya upawa, sahani tatu mbele yake, na Bwana Rukonge anakohoa ili aendelee na hotuba alipoishia. Semeni upesi, kabla hajaanza.

Kati ya aliyemwona mbuzi, aliyemkamata mbuzi, na aliyeokoa pilau, je, nani alistahili ukoko?