Baraza Lililocheka

Kicheko hakizibi ufa. Mmeisikia methali hiyo leo kikaoni, mkaniuliza imetoka wapi. Nitawaambia, ingawa si hadithi ya kufurahisha. Methali hii ilianza hivi.

Huko milimani Upare, watu wa kitongoji kimoja walikuwa na ndiva, yaani bwawa dogo la kukinga maji ya kijito usiku kucha, ili asubuhi lifunguliwe na maji yateremke mashambani kwa zamu. Ukuta wake ulikuwa wa mawe na udongo. Chini ya ukuta huo alikaa Nakijwa, mjane, pamoja na mama yake mzazi aliyepooza miguu.

Kiangazi kimoja Nakijwa aliona uwanja wake umelowa, ilhali mvua haikunyesha. Akaufuata unyevu ule hadi ukutani, akakuta ufa unaotoa maji ya tope. Yangekuwa safi asingeshtuka sana, lakini tope lilimwambia kwamba ukuta unaliwa kwa ndani. Akaenda barazani.

Sasa sikieni desturi ya watu hao, maana ndiyo iliyowaponza. Mtu alisimama akatoa neno lake. Likikubaliwa, watu waliitikia. Likichekwa na baraza zima, lilihesabiwa limekwisha kujibiwa, na msemaji aliketi. Kama kicheko hicho kilikuwa na jibu ndani yake, hakuna aliyeuliza. Ilikuwa desturi ya kipumbavu, lakini mababu waliiacha, na cha mababu nani akiguse?

"Wazee wangu," alisema Nakijwa, "ukuta una ufa. Naomba ndiva ikaushwe, tuitane msaragambo, kila nyumba ilete mtu na jembe tuuzibe. Mama yangu hawezi kukimbia."

Kukausha ndiva kulimaanisha mashamba kukosa maji siku kadhaa, na maharage yalikuwa yanatoa maua. Shamba kubwa kuliko yote lilikuwa la Kajiru, fundi wa maneno, mtu ambaye wenzake walianza kutabasamu kabla hajafungua kinywa. Angeweza kusema waziwazi, "Nahofia maharage yangu," watu wakapima wakaamua. Hilo lingekuwa neno la mtu mzima. Hakulisema.

"Jamani," alisema, "shemeji yetu amekaa mpweke muda mrefu. Sasa anataka kila nyumba impelekee mwanamume mlangoni, tena mwenye jembe."

Baraza likaangua kicheko.

"Maji yale yanatoka wapi?" Nakijwa aliuliza. "Njooni mwone, si mbali."

"Yanatoka machoni pako, shemeji. Futa machozi, mume utapata."

Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Hata Mbonea, mdogo wa marehemu mumewe, aliyekula kwake jana yake, alicheka. Nakijwa alitafuta uso mmoja uliotulia, asiuone. Hakuna hata mmoja aliyesema ufa haupo. Akaketi, kama desturi ilivyotaka, na aibu ikimchoma kana kwamba yeye ndiye aliyekosa.

Jioni alimfuata Mbonea, akamwomba wambebe mama hadi kwa jirani wa juu.

"Subiri kidogo, shemeji," Mbonea alisema, akitazama chini. "Nikionekana mlangoni kwako leo, watanicheka na mimi."

Hivyo ndivyo kejeli inavyofanya kazi, wanangu. Humfunga mdomo anayesema kweli, kisha humtia woga anayeijua.

Asubuhi ndiva ilikuwa imejaa. Nakijwa alikuwa kijitoni akichimba udongo wa kuziba ufa peke yake alipousikia ukuta ukivunjika. Alikimbia, lakini maji hayakumngoja. Nyumba ilikuwa imeondoka yote. Mama yake walimkuta chini, katika shamba la Kajiru, amefunikwa na tope pamoja na maharage.

Baada ya maziko baraza lilikaa. Kajiru akasimama kutoa pole, akaanza kusema kwamba kazi ya Mungu haina makosa. Nakijwa hakumngoja amalize.

"Usimsingizie Mungu," alisema. "Yeye alinionyesha ufa, nami nikawaonyesha ninyi. Kajiru, hukusema ufa haupo. Wala ninyi nyote hamkusema. Mlicheka, mkadhani mmejibu. Kicheko hakizibi ufa."

Kwa mazoea watu wakamtazama Kajiru, wakingoja aseme kitu. Kajiru akaketi. Mbonea alilia kwa sauti, na Nakijwa hakumgeukia.

Alihamia mlima mwingine kwa ndugu zake, asirudi tena. Ukuta ulijengwa upya kwa msaragambo, na kazi yenyewe ilikwisha siku ile ile waliyoianza, kabla jua halijatua. Hilo ndilo linaloniuma kila niisimuliapo hadithi hii.

Kwa hiyo mkiwa kwenye mabishano, na mmoja akawachekesha watu badala ya kuwajibu, chekeni mkitaka. Lakini kabla hamjaondoka, nendeni mkauangalie ukuta. Kicheko hakizibi ufa.