Mikono ya Hing

Aliyeukomboa mwili hadaiwi mikono. Mmemsikia shangazi yenu akisema hivyo sokoni, mkaja mbio kuniuliza maana. Haya, kaeni. Methali hii ilianza hivi, tena mbali, kwa Wakantoni wa Uchina.

Huko, mtumwa aliyejinunulia uhuru walisema amefanya suksan, yaani ameukomboa mwili wake. Hing aliuzwa akiwa na miaka saba kwa Bibi Leung, mwenye duka la tambi. Kazi yake ilikuwa kukalia ncha ya mwanzi mrefu uliochomekwa ukutani, donge la unga likiwa chini yake, na kurukaruka mpaka unga ulainike. Watu walipanga foleni kwa tambi zake, na sifa akazizoa Bibi Leung.

Kila Mwaka Mpya wageni waliwapa watumishi bahasha nyekundu zenye vijisenti. Hing hakuzigusa hata kwa peremende. Mwaka wa kumi na tatu akaziweka zote mezani mbele ya Mzee Fong, shahidi wa mtaa.

Bibi Leung alizipokea akitabasamu. "Mwili wako chukua, mwanangu. Lakini tambi nilikufunza mimi. Ukitoka hapa, usizipike popote."

Hing aliitazama mikono yake. Hakujua kazi nyingine. Uhuru wa kufa njaa ni uhuru gani huo?

"Mama," akasema kwa adabu, "mikono hii basi niiache wapi? Hapa mezani?"

Mzee Fong akakohoa kuficha kicheko, akaikunjua hati ya mauzo. "Bibi Leung, uliandikisha mwenyewe: nimemnunua mzima, toka unywele hadi ukucha. Uliogopa kupunjwa hata kidole, sivyo?"

"Ndiyo, lakini..."

"Lakini nini? Kilichonunuliwa kizima hukombolewa kizima."

Wateja wakaangua kicheko, na hati ikatiwa kwenye jiko la supu. Hing alitoka na furaha tele, hata viatu akavisahau.

Akafungua kibanda ng'ambo ya barabara. Siku ya tatu, Bibi Leung, aliyekuwa ameanguka kutoka kwenye mwanzi mara mbili asubuhi ile, alivuka na bakuli lake.

"Bei gani, mwanangu?"

"Kama ya wenzako, Mama. Panga foleni."

Akapanga. Na aliyekuwa mbele yake akageuka, akamwambia kwa upole: "Ndiyo hivyo, Bibi. Aliyeukomboa mwili hadaiwi mikono."