Mtani wa Bi Somoe

Paukwa!

— Pakawa!

Sogeeni. Wewe wa nyuma, acha kutafuna. Leo nasema habari ya kufa.

Zamani, kabla babu wa babu zenu hajaota meno, palikuwa na vijiji viwili, cha mlimani na cha bondeni. Vilikuwa vya watani. Akifa mtu wa mlimani, wa bondeni huja msibani kumtania marehemu, mpaka wafiwa wacheke katikati ya machozi. Ndiyo mila yao, na hakuna aliyenuna.

Mlimani aliishi Bi Somoe, ajuza mwenye hekima, na mdomo pia alikuwa nao. Mtani wake bondeni alikuwa Mzee Likwena. Kwa mizaha, Likwena hana mwenzake. Lakini kifo alikiogopa, jamani! Akisikia ngoma ya msiba tu, huyoo, mbio shambani.

Bi Somoe akaugua, akakonda. Watu wakanong'ona, nong', nong', nong'. Hakuna aliyethubutu kutaja kufa mbele yake.

"Niitieni mtani wangu," akasema.

Likwena akaja. Kumwona tu, akaangua kilio: kwi! kwi! kwi!

"Mtani, hata sijafa unanililia?"

"Nitakukosa, Somoe. Halafu naogopa."

"Hata mimi naogopa. Ni mahali sijawahi kufika. Lakini nikizikwa kimya, wajukuu zangu watadhani kifo kimetushinda hata hatuwezi kucheka. Nani atanitania?"

"Mwingine."

"Mwingine hanijui. Ni wewe."

Likwena akafuta machozi, akateremka bondeni. Siku ya tatu, Bi Somoe akafa.

Majembe yakalia, chwa! chwa! Kaburi likawa tayari. Kimya. Likwena alikuwa nyuma ya watu wote, amekwishageukia njia ya shambani. Ndipo akawaona wale wajukuu, wamejikunyata, hata shimo hawalitazami. Akawapenya watu. Pu! Akarukia kaburini, akalala chali.

"Kaburi gani fupi hivi? Miguu ya Somoe mmeisahau? Itatokeza nje, mbuzi wajikwae! Na mtengeni na wafu wenzake, huyu anakoroma, atawaamsha!"

Mjukuu mmoja akacheka. Wa pili akacheka. Mlima mzima ukacheka na kulia.

Likwena akashika udongo kwa vidole. Ulikuwa wa baridi, udongo tu. Alikaa mle kitambo, na hakuna aliyemharakisha.

Kisha akanyoosha mkono. "Nivuteni. Nimempashia mtani wangu kitanda moto. Mleteni alale."

Wanangu, kuogopa kifo si aibu. Aibu ni kumwacha umpendaye aende peke yake kwa sababu unaogopa.

Nami hadithi yangu naitua hapa. Aliyeipenda, aibebe.