Vifuniko vya Fundi Dihenga

Vilivyolika pamoja havitenganishwi. Methali hii ilianza hivi, wajukuu zangu, na msidhani ni ya wahenga wa kale. Mimi niliiona ikizaliwa.

Pampu ya mashamba yetu ya mpunga ilikuwa na injini ya dizeli iliyochoka. Ilifuka moshi kama jiko la kuni mbichi, na maji hayakufika tena mashambani. Miche ya Bi Nyange ilianza kuwa ya manjano kitaluni. Alikuwa mjane, na kitalu kile ndicho kilichokuwa chakula chake cha mwaka mzima. Akaitwa Fundi Dihenga kutoka ng'ambo ya mto.

Fundi akaifungua injini yote. Akapanga vyuma mkekani, kila mkono wa pistoni na kifuniko chake kinachofunga ncha yake ya chini, kisha akaenda kuswali Ijumaa. Sasa, kwetu ni aibu mgeni akufanyie kazi halafu vyombo vyake vikae vichafu. Bi Nyange akatuita wanawake, tukavisugua vyuma kwa mafuta ya taa hadi vikameta. Mikono ya pistoni tukaipanga huku, vifuniko kule, kama sahani na vikombe kabatini. Tulijisifu kweli!

Fundi aliporudi, alishika kiuno.

"Nani kavichanganya?"

"Tumekuoshea, baba," akasema Bi Nyange. "Kwani si vinafanana vyote?"

"Vinafanana kwa macho, mama. Alama za kuvilinganisha zimefutika zamani. Lakini kila kifuniko kimelika na mkono wake miaka yote hii. Ukikipa mkono mwingine, injini itakwama, au ipasuke kabisa."

Bi Nyange akaangua kilio. "Basi miche yangu nimeiua mwenyewe!"

"Hujaua kitu. Vilivyolika pamoja havitenganishwi. Vyenyewe vinajuana."

Akaketi, akafumba macho. Alichukua mkono mmoja, akauunganisha na kifuniko, akapitisha ukucha kwenye maungio. Ukucha ukanasa, akakiweka kando. Akajaribu kingine, na kingine. Hatimaye ukucha ukateleza kama juu ya yai. "Huyu kampata wake," akanong'ona.  Akaendelea hivyo mpaka cha mwisho kilipopata mwenzake.

Akatia ringi na beringi mpya, akafunga, akazungusha hendeli. Injini ikanguruma bila moshi, na maji yakaruka mferejini kwa nguvu ambayo hatukuwahi kuiona. Bi Nyange aliingia majini na nguo zake, akicheka na kulia.

Mwaka uleule watoto wa jirani yetu Mzee Lukwele walikuja kuwagawana wazazi wao waliozeeka: baba aende Dodoma, mama aende Tanga. Walisema ni kwa ajili ya matunzo.  Mzee alimshika mkewe mkono, wakaketi kizingitini pao, akawaambia kama Fundi alivyosema, "Wanangu, vilivyolika pamoja havitenganishwi."